Vifaranga wa Kisima cha Tatu

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya Novemba iko juu ya kabati, chini ya kopo la maziwa, mpaka imepata duara kama muhuri wa serikali. Kila asubuhi nasema leo namwandikia kaka, na kila siku inakwisha mimi bado nimeshika nepi. Bonge anaota meno, nyumba nzima inalia naye. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza aliitafuna. Ya pili dada yake aliijaza tembo. Hii naiandikia juu ya friji, nimesimama, maana hiyo ndiyo meza pekee wasiyoifikia.

Sisi hatujambo. Baba yupo, mikono inatetemeka kidogo, lakini akiona gazeti limekunjwa ovyo bado analikunjua na kulikunja upya, utadhani yuko kiwandani na bosi amesimama nyuma yake. Shemeji yako anakusalimu, zamu zimembana. Bibi Maswali ameanza darasa la kwanza. Siku ya kwanza tu alimuuliza mwalimu kama na yeye ana mwalimu wake, na huyo mwalimu wa mwalimu yuko wapi. Mimi ni yuleyule wa chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine namba mbili imekufa, shuka za wodi tatu zinaingia mashine moja, mabega yangu ndiyo yanajua.

Na wewe, huko kwenye tanuri za chokaa, bado mnafunga vitambaa puani? Simu bado haishiki? Nikiipiga yako naambiwa mteja hapatikani, nami namjibu yule mwanamke, najua, ndiyo maana naandika.

Sasa jambo lenyewe. Kaka, kaa chini. Vitabu vya Visima Vinne wamevitengenezea tamthilia! Visima Vinne vyetu, vile Baba alivyotuletea karatasi zake zilizoharibika kwenye kiwanda chake cha uchapaji, akazifunga mwenyewe kwa gundi na uzi, majalada ya kadibodi ya sabuni. Mimi nilidhani dunia nzima ni sisi wawili tu tunaovijua. Kumbe wenzetu ni maelfu! Kila Ijumaa inatoka sehemu moja. Tunaiangalia saa ya chakula, simu ya mpiga pasi imeegemezwa kwenye ndoo, wanawake saba tumebanana juu ya marobota ya shuka. Huyo mpiga pasi amesoma vitabu vyote vinne mara mbili, na yumo kwenye kikundi cha mashabiki ambako watu mia nne wanatukanana kwa heshima kuhusu nywele za Mchota Maji.

Mchota Maji wamempatia. Ana yale mabega. Lakini Malkia wa Kiu! Kitabuni midomo yake imepasuka kama tope la kiangazi. Hapa wamempaka rangi inayong'aa, mashavu ya mviringo. Nikasema, huyu ana kiu ya nini, ya soda? Wote wakacheka, nikajiona shabiki wa kweli. Ndipo mdomo ukaniponza.

Nikawaambia, "Ngojeni tufike kisima cha tatu. Ile sura ya Mbeba Taa na vifaranga itawatoa machozi."

Mpiga pasi akaiweka pasi chini. "Vifaranga gani?"

"Wale anaowalea. Pale kisimani. Anawashikia taa wasipate baridi."

"Mama, wewe umesoma Visima Vinne au umesoma gazeti la wafugaji?"

Kaka, nimechekwa mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Sasa naitwa Mama Vifaranga, mpaka na wauguzi. Hebu niambie, nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi? Si tulikuwa tunaigiza sura ile mimi na wewe chini ya meza, wewe Mbeba Taa, mimi vifaranga wote mia mbili? Niandikie haraka nikawaonyeshe.

Na kitabu cha nne uliondoka nacho. Mimi niliishia ukurasa wa tisini, alipozaliwa Bibi Maswali, sijui hata Mchota Maji anafika au hafiki. Uliahidi likizo ya Aprili utakuja nacho tumalizie pamoja. Sehemu ya mwisho sitaiangalia mpaka uje. Nimeapa mbele ya mashine namba moja.

Hapo chini Bibi Maswali amekuchorea tembo, yule mkubwa kuliko nyumba. Mwambie umemwona, la sivyo sitapumzika.

Mdogo wako, Kasuku

---

Tarehe 10 Machi

Kasuku,

Usishtuke kuona herufi za mashine. Mkono wangu umechoka na kazi, na karani wa mizani hapa ana taipureta ya ofisi isiyo na shughuli, kwa hiyo nimekuwa mtu mkubwa, barua zangu zinapigwa chapa. Lori la mahitaji lilikwama siku tisa, ndiyo maana nimechelewa. Hapa hatujambo. Chokaa ni ileile, jua ni lilelile, maharage ni yaleyale, tena nadhani ni yale ya mwaka jana.

Nimecheka na barua yako hadi wenzangu wakaja kuuliza kama nimepata urithi. Mama Vifaranga! Jina limekukaa. Usiwasikilize hao. Vifaranga wapo, tena kurasa nyingi. Mbeba Taa anafika kisima cha tatu, anawakuta vifaranga, anawashikia taa. Wakijikusanya chini yake wanaona baridi, wakiikimbia wanaona joto, wakitawanyika vizuri ujue wameridhika. Hayo nitayasahau siku nikisahau jina langu. Ndiyo maana kitabu cha nne anatembea akipapasa, amechoka, hajalala wiki tatu. Hao wenzako wamesoma kwa kuruka kurasa.

Kuhusu tamthilia, ninachotaraji ni kwamba watengenezaji watalitendea haki tukio kuu la mfululizo mzima, yaani pale Mbeba Taa anapoinama juu ya kisima cha tatu na kuyatoa macho yake mawili ili Mchota Maji abaki na yake. Hakuna msomaji aliyewahi kuyapita maneno yale bila kusimama. Wakilipunguza hilo, watakuwa wameua kazi yote.

Mwambie Bibi Maswali nimeambiwa tembo wake ni mzuri sana.

Likizo bado haijapangwa vizuri. Msalimu Baba, mwambie asibebe ndoo za maji. Bonge mkande fizi kwa kidole kisafi.

Kaka yako

---

Tarehe 30 Machi

Kaka,

Salamu kwanza, maana Mama alitufundisha hata ukienda kugombana ubishe hodi. Hatujambo. Bonge ana meno mawili na ameyatumia kwangu. Baba haendi tena na ndoo, nimeificha. Shemeji yako kazima redio aniache niandike.

Sasa tuingie ndani. Sikuielewa barua yako. Niliisoma nikiwa nimepakata mtoto, nikasema labda ni mimi. Nikaisoma tena nikisubiri mashine imalize, nikasema labda ni mvuke. Mara ya tatu nilimsomea Bibi Maswali ile ya tembo. Akanitazama na yale macho yake. "Mama, kwa nini mjomba ameambiwa? Si nimemchorea yeye?"

Nikamwambia akale.

Halafu hayo mambo ya macho. Mimi na wewe hatujawahi kusoma mahali Mbeba Taa anatoa macho, kaka. Hatujawahi! Nikasema karani wako amekunywesha kitu. Basi Ijumaa hii ikatoka sehemu ya kisima cha tatu. Tumebanana kwenye marobota kama kawaida, mimi nangoja vifaranga wangu niwaumbue watu. Mbeba Taa akaweka taa chini. Akainama. Kaka, akayatoa. Wanawake sita wakalia palepale, mpiga pasi akailowesha foronya ya wodi ya wazazi kwa machozi ikabidi irudi kufuliwa. Mimi peke yangu nimekodoa, nauliza, "Vifaranga je? Vifaranga wako wapi?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mpiga pasi akanishika bega. "Mama Vifaranga, nenda kalale kidogo."

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Kitabu cha tatu ninacho mimi, unajua. Nikafungua kisima cha tatu. Ukurasa wa mia mbili na nane Mbeba Taa anaweka taa chini na kuinama. Geuza ukurasa: "Taa iwe futi mbili juu ya vifaranga." Nikasoma kwa akili za mtu mzima, kaka. "Chanjo ya kideri itolewe siku ya saba." "Maranda yabadilishwe yakilowa." Kurasa kumi na sita za chanjo na maranda, na mimi na wewe tulikuwa tunatokwa na machozi. Vichwa vya habari vimekatwa kwa kisu, kingo ziko sawasawa. Halafu ukurasa unaofuata Mchota Maji amemshika Mbeba Taa mkono wanaondoka, na mwandishi hasemi tena lolote, anaona tulishajua.

Nikaenda kwa Baba. Alikuwa na gazeti lake.

"Baba, wale vifaranga uliwatoa wapi?"

Hakuinua uso. "Idara ya mifugo. Tuliwachapia vijitabu elfu mbili."

"Na kurasa zenyewe?"

"Ziliingia wino."

"Hazikuwepo nyingine?"

Akakunja gazeti mara mbili, akalipitisha ukucha kwenye mkunjo, unajua anavyofanya. "Zilikuwepo. Wewe ulikuwa na miaka sita, kaka yako minane. Niliposoma pale anapoinama nikajiuliza, hawa wawili watalalaje? Kurasa za kuku zilikuwa kumi na sita sawasawa. Na taa ilikuwemo."

"Baba, tumeishi na kuku miaka ishirini!"

"Na mlilala," akasema.

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilifanya vyote, Bonge akaanza kulia. Lakini nilipotulia nikabaki na swali lililo kubwa kuliko kuku, na hilo ndilo limenifanya nikuandikie haraka namna hii. Kitabu cha tatu kiko hapa. Huko hakuna tamthilia, simu haishiki. Barua yako uliituma kabla macho hayajaonyeshwa. Na katika barua hiyohiyo, aya moja unaapa vifaranga wapo, aya inayofuata unamsifu Mbeba Taa kwa kutoa macho, kama watu wawili mezani wasiosikilizana. Na "watengenezaji", na "kuyapita maneno yale". Wewe hujawahi kusema hivyo hata ukiwa na homa.

Nani kashika kalamu? Je, wewe upo? Nauliza kama ninavyomuuliza Bibi Maswali nikisikia kitu kimeanguka jikoni: sigombi, nataka kujua kuna nini sakafuni.

Nijibu mawili. La kwanza, Baba alikuwa anasema nini kila akifunga kitabu, na mimi nilikuwa ninadakia nini? Hilo hakuna karani anayelijua. La pili, fungua kitabu cha nne ukurasa wa tisini, uninakilie mstari wa mwisho kwa mkono wako. Si kwa mashine, kwa mkono. Mstari mmoja hauchoshi mkono wa mtu anayevunja mawe.

Na likizo ni lini? Aprili ni keshokutwa.

Kasuku

---

Tarehe 4 Mei

Kasuku,

Nipo. Acha kupiga kelele, mpaka huku zinafika.

Baba akifunga kitabu alikuwa anasema, "Taa isizimwe." Nawe ulikuwa unadakia, "Kwa wiki tatu za mwanzo!" halafu unajifunika shuka gubigubi. Umeridhika? Nimesikia ilikotoka na nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kijitabu cha mifugo! Na mimi maneno hayo nilimwambia binti mmoja hapa nikitaka kuonekana mtu wa hekima.

Karani ananisaidia kuandika, hilo nakiri. Naye ni mpenzi wa vitabu hivyo, akaongeza ya kwake bila ruhusa. Nimemgombeza. Hapa anapoandika haya amenuna.

Habari za huku ni nzuri. Tumepata mpishi mpya, anakata vitunguu vikubwa kama nyanya. Paa la bweni limezibwa upande mmoja, upande wa pili bado. Kuna mbwa amehamia kwetu, mweusi, au wanasema ni mweusi, analala chini ya kitanda changu na kukoroma kama mzee. Mvua imenyesha mara mbili. Bati zimekuja, misumari haijaja. Kule mizani wamejenga choo kipya chenye mlango.

Ule mstari wa ukurasa wa tisini nitakunakilia siku nyingine, kitabu nimemwazima mtu. Na likizo imesogezwa. Usiniulize mpaka lini, hata wao hawajui. Wewe lea watoto, usijisumbue na mimi. Tamthilia angalia tu, usinisubiri.

Kaka yako

Dada, mimi ndiye karani wa mizani. Samahani kwa kuingilia barua ya ndugu. Kaka yako ameniapisha kuhusu jambo fulani na kiapo sitakivunja. Lakini hakuniapisha nisikuambie kwamba mtu aliyeazimwa kitabu cha nne ni mimi. Tangu Desemba namsomea kila jioni baada ya kazi. Tumekimaliza mara mbili. Tukifika pale Mbeba Taa anapouliza kama kumekucha, ananiambia nirudie. Sahihi hapo juu ni ya mkono wake mwenyewe. Nilimwelekeza mahali pa kuanzia.

---

Tarehe 17 Mei

Kaka yangu,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima. Baba, shemeji yako, watoto, mimi.

Nilisoma barua yako nimekaa kwenye robota. Nikaiangalia ile sahihi. Imeanza juu ya mstari, imeshuka imepita juu ya herufi za mashine, imeishia ukingoni mwa karatasi, nusu ya jina imebaki kwenye meza ya karani. Nikakumbuka "nimeambiwa tembo wake ni mzuri". Nikakumbuka "au wanasema ni mweusi". Tangu Desemba! Na mimi miezi yote hiyo barua yako ilikuwa chini ya kopo la maziwa.

Ni chokaa, sivyo? Imeingia machoni.

Sitakuuliza kwa nini hukusema, najua ulivyofikiri. Ulisema Kasuku ana mtoto mchanga, mzee ana mikono inayotetemeka, watalalaje hawa? Ukatafuta kurasa za kujazia. Mpishi, vitunguu, paa, misumari, choo chenye mlango. Kaka, umeniwekea kuku. Umenikatia vichwa vya habari kwa kisu na kuniunganishia kuku, na ungefanikiwa kama si karani wako kushindwa kujizuia.

Lakini mimi sina miaka sita tena. Nina miaka ishirini na sita, nafua shuka za wodi tatu, na kila siku nakunjua nguo zenye damu za watu nisiowajua. Kweli naiweza. Nisichokiweza ni pengo lililozibwa. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala, kaka, siyo kwenye kweli.

Baba nimemwambia. Nilitaka kumficha, nikajiona na mimi nimeshika kisu na gundi, nikaacha. Nilimsomea barua yote mpaka chini. Akauliza neno moja. "Yote mawili?" Nikamwambia sijui, karani ameapa. Halafu akaniambia nilete kitabu cha tatu na kisu kidogo cha jikoni.

Nilidhani amechanganyikiwa. Akalaza kitabu mapajani, akachomeka kisu kwenye ukingo wa jalada la nyuma, taratibu, mikono ikatulia kabisa, wallahi ikatulia kama ya kijana. Akalifungua jalada katikati kama mtu anayepasua mkate. Kaka, lile jalada si kadibodi ya sabuni peke yake. Ndani yake kuna karatasi zimebandikwa. Akazibandua moja moja kwa maji ya vuguvugu. Kurasa kumi na sita. Zina madoa ya wino pembeni, lakini zinasomeka zote. Miaka ishirini tunazishika mkononi, tunazilalia, tunazigombania, nazo zimo ndani ya jalada!

"Kwa nini hukuzitupa?" nikamuuliza.

"Ukurasa hautupwi," akasema. "Unawekwa mpaka mtu awe na umri wake." Halafu akasema, "Mpelekee. Mwambie niliona ni mapenzi. Labda nilikosea. Huyo naye amerithi ujinga wangu."

Nimezikausha juu ya waya, pamoja na nepi. Nimezitia humu. Mpe karani akusomee, namwona anavyozipenda. Mimi nimeshazisoma, tena nikalia peke yangu, mara hii bila kuuliza kuku. Sikiliza hasa mwisho, hapo ambapo hatukuwahi kufika. Mbeba Taa akishatoa macho anamwambia Mchota Maji aende peke yake, asijisumbue naye. Maneno yaleyale ya barua yako. Na Mchota Maji anamjibu, "Taa umeibeba wewe mpaka hapa. Sasa nipe mimi." Anaichukua, anamshika mkono. Basi, hakuna hotuba. Mpiga pasi anasema hapo ndipo anapolia, macho yenyewe ameshayazoea.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza msimamizi. Nilikwenda wodi ya macho, shuka zao nazifua mimi, wananijua. Nikamuuliza muuguzi mkuu. Akasema chokaa ni mbaya, lakini hasemi neno mpaka amwone mtu. Wapo wanaobaki na mwanga wa jicho moja, na mwanga ukibaki kuna la kufanya. Daktari wa macho anakuja Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Juni. Nimeandikisha jina lako. Usiponiambia kwamba huji nitajua unakuja, na ukiniambia huji nitakuja na Bonge mgongoni, na Bonge ana meno manne.

Tamthilia imekwisha tangu Aprili. Sijaiangalia sehemu ya mwisho, ninaziba masikio kwa pamba wakianza kuizungumzia. Nitakusimulia mimi kinachoonekana na wewe utaniambia walipokosea, maana wewe mwisho unaujua. Kitanda chako kiko chumba cha mbele na Baba. Bibi Maswali nimemwambia kweli yote. Akauliza, "Kwa hiyo tembo nimfinyange?" Anamfinyanga kwa udongo, sikio moja limeshaanguka.

Ninachotaka kitumwe, karani asiruke hata kimoja:

Karatasi zote za zahanati ya kambi, hata zilizochanika, na jina la dawa uliyotiwa siku ya kwanza.

Jibu la swali la Baba: ni yote mawili? Na ukigeukia dirishani asubuhi, unaona nini?

Siku na saa lori linapoondoka kuja huku, na jina la dereva, nimwambie pa kukushusha.

Mstari mmoja kwa mkono wako. Ukipanda upande, ukishuka ushuke, ukitoka nje ya karatasi niandikie na mezani.

Kitabu cha nne. Karani akishindwa kuachana nacho, aje nacho mwenyewe akushike mkono njiani. Chakula kipo.

Shati lako la buluu, usilifue, nitalifua mimi.

Na wewe.

Vifaranga usinitumie tena. Ninao wawili hapa, na taa yao nimeishika.

Kasuku